Baraza Limeamua, Ugomvi Umebaki

Tanzania Bara huwezi kuamka asubuhi ukaenda mahakamani kudai talaka. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 101, inakutaka upite kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na hakimu hakusikilizi mpaka umpelekee hati inayosema wamejaribu kuwapatanisha na wameshindwa. Wapo wachache wanaosamehewa, kama aliyetelekezwa asijue mwenzake yuko wapi. Waliobaki lazima wakakae msikitini, kanisani au kwenye ofisi fulani, wasimulie mambo ya chumbani mbele ya mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano.

Kwa hiyo dola yenyewe ilikubali zamani kwamba ndoa ikiyumba, mazungumzo yatangulie hukumu. Kinachogombewa siku hizi ni mazungumzo na nani. Wazee? Somo aliyemfunda bibi harusi? Shehe, padri? Au huyu mgeni anayeitwa mwanasaikolojia, mwenye chumba chenye viti vitatu na saa ukutani, anayetoza kwa saa?

Hoja ninazozisikia Tanga na Dar es Salaam juu ya jambo hili nimezigawia watu wanne wa kubuni. SOMO amefunda wari wa watu tangu ujana wake. MWALIMU ni mstaafu, mjumbe wa baraza la usuluhishi. MSHAURI ni mwanasaikolojia, bado kijana. FUNDI ana gereji, na ndoa yake imepita kwa wazee na kwa mwanasaikolojia pia. Mimi nitaingilia pale nitakaposhindwa kujizuia.

MWALIMU: Sina ugomvi na elimu. Swali langu ni dogo. Mtu na mkewe wakikosana, Qur'ani imeshatoa njia katika Sura ya Nisaa, aya ya 35: mwamuzi mmoja atoke kwa jamaa za mume, mmoja kwa jamaa za mke. Wakristo nao wana wazee wa kanisa na wasimamizi wa ndoa. Watu hao wanawajua hawa wawili tangu wakivaa kaptula na vigauni. Wewe, binti yangu, unawajua kwa saa moja. Utawasuluhisha kwa lipi?

MSHAURI: Siwasuluhishi, Mwalimu.

SOMO: Huwasuluhishi? Sasa hiyo hela unapokea ya nini, mwanangu?

MSHAURI: Bibi, nikishika fimbo ya kuamua, kila mmoja atakuja na ushahidi wake. Watanigeuza hakimu. Mimi natazama ugomvi unavyokwenda: nani anaanza, mwenzake anajibuje, wa kwanza anafanya nini baada ya jibu lile. Hayo mawili matatu hujirudia kila ugomvi, hata kama wiki hii wanagombania mkaa na wiki ijayo wanagombania harusi ya shemeji.

FUNDI: Niseme mimi, maana nimekaa kotekote. Ugomvi wetu ulianzia kwenye pesa ya mama yangu. Kila mwisho wa mwezi nilikuwa namtumia elfu hamsini kwa simu, mke wangu hana habari. Siku moja akaiona meseji ya muamala. Hakupiga kelele. Alivaa kanga yenye maneno ya kunichoma, akapita mbele yangu huku na huku, mimi nikajifanya sijui kusoma. Usiku tukalala mzungu wa nne. Ikawa nyumba nzima inasemwa sentensi mbili tu: chakula kipo mezani, watoto wanadaiwa ada. Wazee wakaitwa. Wakanikuta na kosa, na kosa nilikuwa nalo, nilificha. Nikaomba radhi mbele za watu, nikampa doti ya kanga na laki moja. Wazee wakala pilau, wakaaga.

MWALIMU: Yakaisha.

FUNDI: Yakaisha kwa muda. Halafu ikawa pesa ya mdogo wangu. Halafu nachelewa gereji. Halafu nimemjibu vibaya mbele ya shoga yake. Kila mara wazee wanakuja, kila mara anapatikana mwenye kosa, kila mara pilau. Mwalimu, mteja akiniletea gari plagi zimeungua nikazibadilisha, na baada ya wiki mbili karudi zimeungua tena, siwezi kuendelea kumuuzia plagi. Lazima nifungue injini.

Wazee hawakukosea. Waliitwa kumtafuta mkosaji, wakampata, wakamtoza. Hiyo ni kazi halali na jamii isiyokuwa nayo ina hasara. Ila kosa lililohukumiwa na tabia iliyolizaa havikai mahali pamoja, na baraza hukutana na kosa peke yake.

MWALIMU: Haya, mkaenda kwa huyu binti. Akakuuliza nini ambacho mimi sikukuuliza?

FUNDI: Hakuniuliza habari za pesa kabisa. Alisema, nisimulie Ijumaa iliyopita, kuanzia ulipofungua mlango. Nikaona swali la kitoto. Nikasimulia: nimeingia, mke wangu kauliza umetoka wapi. Nikamjibu kazini. Akasema, kazini mpaka saa tatu usiku? Nikanyamaza, nikashika simu. Akapandisha sauti. Nikavaa viatu, nikarudi zangu kijiweni. Basi dada huyu akanirudisha nyuma: pale uliponyamaza, kabla hujashika simu, ndani yako kulikuwa na nini? Nikakaa kimya, kama pale nyumbani. Akasubiri. Nikamwambia, nilikuwa naogopa nikifungua mdomo nitaharibu.

SOMO: Mkeo akasemaje?

FUNDI: Aligeuka akanitazama kama mtu hanijui. Yeye alidhani namdharau. Akasema, ukinyamaza mimi naona nimeshaachwa, imebaki kuambiwa tu. Sasa hebu fikirini. Mimi nanyamaza ili nisiharibu, yeye anasikia talaka. Anapandisha sauti ili nirudi, mimi nasikia ugomvi, nakimbia. Miaka yote hiyo.

MWALIMU: Swali hilo hata mimi ningeweza kuliuliza.

MSHAURI: Ungeliuliza, Mwalimu. Angekujibu? Pembeni yake amekaa mjomba wake, ng'ambo wamekaa kaka wawili wa mkewe. Atasema naogopa?

FUNDI: Ng'o.

Hapo nasimama kidogo, kwa sababu kwa maoni yangu hili ndilo jambo kubwa kuliko yote yatakayosemwa humu. Mzee anayewajua tangu utotoni ni mwenye nasaba. Ana mahari aliyoihesabu, ana jina la ukoo la kulinda, na Jumapili ijayo atakutana nao kwenye shughuli. Mbele yake mume hulinda heshima yake na mke hulinda ya kwao. Kule kuwajua ambako Mwalimu anakusifu, na anakusifu kwa haki, kunafunga midomo ya wale wanaojulikana. Mgeni wa saa moja hana harusi ya kuhudhuria wala msiba wa kukutana nao. Ugeni wake ni sehemu ya kazi anayolipwa.

MWALIMU: Lakini haya si mambo ya Wazungu? Kila siku mihemko, hisia, jieleze, toa ya moyoni. Sisi tumelelewa kwa staha.

MSHAURI: Nitakupa kisa, uamue mwenyewe. Mwaka 1954 mwanasaikolojia mmoja, Mary Ainsworth, alifika Kampala, mumewe kapata kazi huko. Akaanza kutembelea vijiji vya jirani vya Baganda, familia 26 zenye watoto wachanga. Anakwenda nyumba kwa nyumba, anakaa sebuleni, anatazama: mama akitoka, mtoto anafanya nini? Akirudi, je? Aliona mtoto aliye na uhakika wa mama yake hutambaa mbali, huchezea vitu, huchungulia wageni, maana anajua pa kurudi. Asiye na uhakika hulia hata akiwa amebebwa. Kitabu chake cha Uganda kilitoka mwaka 1967. Alishirikiana na daktari wa Uingereza, John Bowlby, na kazi yao ikawa nguzo ya elimu yote ya namna binadamu anavyoshikamana na wenziwe. Miaka ya 1980 huko Kanada, Sue Johnson na Leslie Greenberg wakatunga tiba ya wanandoa, na Johnson akaijenga juu ya nguzo hiyo: mtu mzima naye anamtazama mwenzake kwa jicho lile lile la mtoto, nikikuita utakuja? Fundi na mkewe niliwatibu kwa njia hiyo.

SOMO: Kwa hiyo wamekuja kujifunza kwa Waganda, wamerudi kutuuzia.

MSHAURI: Kwa saa, Bibi.

SOMO: Na Wanyakyusa na Wabondei hawakuona watoto wao wanalia?

MSHAURI: Waliona. Hakuna aliyewatembelea na daftari.

MWALIMU: Sawa, nimekubali mizizi yake. Matunda je? Kwenye baraza letu nina kitabu, naweza kukuonyesha waliopatana na waliochukua hati. Nipe hesabu.

MSHAURI: Hesabu ninayoiamini zaidi haipendezi sana. Marekani, Andrew Christensen na wenzake walichukua wanandoa jozi 134 waliokuwa na hali mbaya kwelikweli, si wale wa kununiana siku mbili. Wakawatibu kwa njia mbili tofauti, kisha wakawafuatilia kwa miaka 5. Mwishoni karibu nusu yao hali ilikuwa bora kwa kiwango kinachoonekana. Karibu robo walikuwa wameachana.

MWALIMU: Robo! Na walilipa?

MSHAURI: Hawa walikuja wakiwa mlangoni mwa talaka, Mwalimu. Nusu ya watu wa namna hiyo si haba. Na mtu akikuahidi kuponya ndoa zote, huyo mkimbie.

FUNDI: Mimi kwa mfano sijui mnaniweka wapi. Mke wangu bado hampendi mdogo wangu. Hilo halijaisha na sioni likiisha.

MSHAURI: Wala halitaisha. Yuko mtafiti mwingine, John Gottman wa Seattle, aliyewaweka wanandoa kwenye chumba cha utafiti akawarekodi wakizozana, na kuwapima mapigo ya moyo. Alichokiona ni kwamba kama theluthi mbili ya magomvi ya nyumbani hayana mwisho. Mmoja mbahili, mwingine mkono wazi. Mmoja anataka ndugu wajae nyumbani, mwingine anataka mlango ufungwe. Wanaodumu wanayo magomvi hayo hayo. Tofauti iko kwenye namna wanavyogombana. Alitaja sumu nne: kumlaumu mtu jinsi alivyo badala ya alichofanya, dharau, kujitetea kila neno, na kununa mpaka mwenzako anaongea na hewa. Mbaya kuliko zote alisema ni dharau.

SOMO: Hilo nimewafundisha wari bila chumba cha kurekodia. Nilikuwa nasema, mwambie mumeo hujaleta sukari, usimwambie nyie kwenu ndivyo mlivyo. Ukishagusa kwao, sukari imeshasahaulika.

MSHAURI: Bibi, umesema alichosema Gottman kwa ukurasa mzima.

SOMO: Na kunyamaza?

MSHAURI: Inategemea. Mapigo yakipanda sana mtu hasikii tena, kwa hiyo tunashauri waachane kwa muda, angalau dakika 20, kisha warudi. Sharti ni kurudi, na kuaga kabla ya kutoka. Fundi alikuwa anavaa viatu bila kusema anarudi saa ngapi.

SOMO: Basi hicho ndicho tulichokiita kususa. Mke anakwenda kwao. Siku kadhaa, moto unapoa, mume anakuja na watu wake, wanaongea. Siku hizi mnakaa vyumba viwili Mbagala, kwao ni Kigoma, atasusia wapi?

Swali hili la Somo halikupata jibu na sidhani kama lipo la haraka. Zamani nyumba ilikuwa na milango mingi ya pembeni: shangazi wa kumlilia, kaka wa mama wa kumkaripia bwana bila kumwaibisha, mahali pa kwenda kulala ugomvi ukizidi. Mji umeifunga milango hiyo mmoja mmoja. Wanandoa wengi wa Dar es Salaam wamebaki na simu, kikundi cha WhatsApp cha ukoo ambako kila kitu huvuja, na rafiki wa kazini ambaye ushauri wake wote ni mwache. Wanaosema tiba inakuja kuua mila wananishangaza. Kwa watu hawa inakuta mila imeshahama.

MWALIMU: Tukubaliane basi kwa waliokosa wazee. Lakini bado kuna jambo mnaliruka. Sisi tukishapatanisha, tunafuatilia. Fundi akirudia, namkuta msikitini namwuliza. Wewe saa ikigonga umefunga faili. Nani anamshikilia na ahadi yake?

MSHAURI: Hakuna. Hapo unanishinda.

SOMO: Mimi mwari niliyemfunda niko naye mpaka uzazi wa tatu. Akiniona sokoni anajua namtazama.

MSHAURI: Ndiyo maana wenzetu wa Zimbabwe walifanya jambo la akili. Daktari mmoja wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alikuwa na wagonjwa wengi kuliko uwezo wake, na kliniki ya Mbare pale Harare haikuwa na chumba cha kumpa. Mwaka 2006 akawachukua kina bibi wa mtaani, wahudumu wa afya wa kujitolea, akawafundisha. Wakakaa kwenye mabenchi nje ya kliniki. Mtu anakuja na lililomsonga, mara nyingi ni la nyumbani: mume, mkwe, ugonjwa, ada. Utafiti wao uliochapishwa mwaka 2016 ulihusisha watu 573. Baada ya miezi sita, waliopita kwenye mabenchi waliobaki na dalili za sonona walikuwa kama asilimia 14. Wale waliopata huduma ya kawaida, asilimia 50. Mpango huo umefika hadi Zanzibar.

SOMO: Kina bibi! Sasa nyie mmesomea nini?

MSHAURI: Kuwafundisha hao kina bibi, na kuwapokea wale ambao benchi limewashinda. Lakini sikiliza walichofundishwa kwanza, Bibi: kutotoa ushauri. Mtu akae, aeleze, achague yeye tatizo moja la kuanza nalo, na njia aitafute yeye.

SOMO: Kutotoa ushauri. Hiyo kazi ngumu.

MWALIMU: Kwako wewe, sana.

Gharama nayo ni mada, na watu wanaipita kwa haya. Wanasaikolojia waliosomea ni wachache na wamejikusanya miji mikubwa. Mwanamke wa Handeni akitaka huduma hii atapanda basi. Nafasi hiyo iliyo wazi wameshaijaza wengine: kila mwenye simu na maikrofoni ni mshauri wa ndoa, anakuambia kwa dakika moja dalili saba za mume anayechepuka, na anauza semina ya ukumbini. Kenya ilitunga sheria ya washauri na wanasaikolojia mwaka 2014 ili ajulikane aliyesomea na asiyesomea. Msomaji anayemtafuta mtu wa kumsaidia amwulize maswali matatu kabla ya kutoa senti: umesoma wapi, nani anakusimamia, na siri yangu unaiweka wapi. Akikasirika, umeshajibiwa.

Halafu kuna aibu. Ukisema unakwenda kwa mwanasaikolojia, mtu atakuuliza lini unapelekwa Mirembe, kwa jina la ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma. Au atakumbuka vituo vya Angaza vya kupima UKIMWI, ambako wengi wetu ndiko tulikomwona mshauri nasaha kwa mara ya kwanza, amekaa na bahasha ya majibu.

FUNDI: Mimi niliwaambia watu napeleka gari la mteja. Kila Alhamisi gari la mteja.

MWALIMU: Na kama mmoja hataki kuja? Kwetu tunatuma wito. Wewe huna wito.

MSHAURI: Anakuja mmoja. Wengi wanakuja mmoja, na si wa ndoa tu. Wapo ndugu wasiosalimiana tangu mirathi ya baba. Yupo dada anayeishi na mkwe wake na kila siku ni vita ya jikoni. Uganda, katika wilaya za Rakai na Masaka, walijaribu tiba ya vikundi inayoshughulika na mahusiano ya mtu: ugomvi na watu wake, kufiwa, mabadiliko ya maisha. Wanawake peke yao, wanaume peke yao, wiki 16, anayeongoza ni mtu wa huko huko aliyefundishwa kwa muda mfupi. Walioanza walikuwa na sonona au dalili zake. Matokeo yalitoka mwaka 2003: waliobaki na ugonjwa wenyewe walikuwa asilimia 6.5, na katika vijiji visivyopata tiba hiyo asilimia 54.7. Hakuna mume wala mkwe aliyeburuzwa. Mtu mmoja akibadili hatua yake, mwenzake hawezi kuendelea na ngoma ile ile.

SOMO: Sasa na mimi niulize, na msinijibu kwa takwimu. Anayepigwa?

Wote wakanyamaza. Nimeandika mjadala huu mara nyingi kichwani na kila mara huganda hapa.

MWALIMU: Tunamwonya mume. Tunamwandikisha.

SOMO: Mkishamwonya wanarudi nyumba moja. Mlango ukifungwa nani yuko naye? Nimezika mwari wangu mmoja, Mwalimu. Baraza lilikuwa limeshapatanisha.

MSHAURI: Kwenye kupigwa, mimi siwaweki wawili hao chumba kimoja. Tiba ya pamoja inataka kila mtu awe huru kusema. Akisema ukweli mbele yangu, atalipa nyumbani. Wanandoa wakija, kila mmoja namwona kwanza peke yake, na swali la woga liko mwanzoni. Nikikuta woga, kazi yangu inageuka: usalama kwanza, polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, hospitali, mahali pa kulala. Na kifungu cha 66 cha sheria yako hiyo hiyo ya 1971, Mwalimu, kimesema wazi: mila iwe imeruhusu au haikuruhusu, hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo.

MWALIMU: Nakijua.

SOMO: Basi kisomeni kabla ya pilau.

Neno vumilia limesemwa kila mahali, misikitini, makanisani, unyagoni. Lina mahali pake: watu wawili hawawezi kuishi bila mmoja kumeza hili na lile. Ila mtu anayeambiwa avumilie hana budi kuulizwa kwanza anavumilia nini, faragha, na mtu asiye na hisa katika jibu lake. Hata kama tiba ya kisaikolojia isingeleta kitu kingine nchini humu zaidi ya desturi ya kuwaona watu mmoja mmoja kabla ya kuwakalisha pamoja, ningeipokea.

MWALIMU: Mnanisema kama vile sisi tunalazimisha. Lengo la baraza ni kuiokoa ndoa, sheria imetutuma hivyo. Lengo lako wewe ni nini? Maana nasikia wengine wakitoka kwenu wanaachana.

MSHAURI: Wapo. Walikuja hawasemezani, wameondoka wamekubaliana nani anakaa na watoto wakati wa shule, na hakuna aliyemtukana mwenzake mbele yao. Hiyo siiandiki kama kushindwa.

MWALIMU: Mimi kwenye hati nitaandika imeshindikana.

MSHAURI: Andika. Mimi nina faili langu.

FUNDI: Lakini nyie wawili mbona msikae pamoja? Baraza lina wajumbe mpaka watano. Si mmoja awe huyu dada?

MWALIMU: Sheria haikatazi.

MSHAURI: Kuna tatizo. Baraza likishindwa, hati yake inatakiwa ieleze mliyoyabaini. Kifungu cha 104. Mimi aliyoniambia mtu chumbani siwezi kuyaweka kwenye karatasi inayokwenda mahakamani. Fundi alisema anaogopa. Ungeandika hivyo?

FUNDI: Thubutu! Na mwanasheria wa mke angeisoma kwa sauti.

MWALIMU: Basi uandike kwa ufupi.

MSHAURI: Hata ufupi ni siri, Mwalimu. Afadhali waje kwangu kabla hawajaja kwako, mimi nisiandike chochote, na wewe usiniulize walisema nini.

MWALIMU: Kwetu wanakuja wameshafungasha mizigo. Kabla ya hapo hakuna anayewaona.

SOMO: Anawaona nani? Mimi nawaona. Namwona mwari anaanza kununua chakula cha mtu mmoja. Nawaona miaka miwili kabla yenu. Wewe binti, hayo mafunzo waliyopewa kina bibi wa Harare, yanachukua muda gani?

MSHAURI: Si muda mrefu kuanza nayo, Bibi, halafu kuna msimamizi wa kuonana naye mara kwa mara.

SOMO: Nani atamsimamia nani?

MSHAURI: Mimi nikusimamie kwenye kunyamaza. Wewe unisimamie kwenye mengine yote.

SOMO: Na wakinilipa kwa mchele?

MWALIMU: Mchele haumo kwenye sheria.

SOMO: Mwalimu, nimekuuliza wewe?